Chombo cha Kuandikia Riwaya



Jambo nililolichagua leo ni dogo kwa sura yake, lakini vijana wanaoandika riwaya huniuliza juu yake mara nyingi zaidi kuliko wanavyoniuliza juu ya wahusika, msuko au lugha: waandikie katika programu gani ya kompyuta? Huuliza kwa ghera na kwa wasiwasi, kana kwamba jibu likishapatikana riwaya nayo imeshapatikana. Nami, madhali sina chumo lolote nilipatalo kwa muuzaji wa programu hii wala ile, nataka kujibu kwa taratibu, nikianza kwa kuzitenga kazi mbili ambazo waulizaji aghalabu huzichanganya. Kuandika ni kazi mbali, na kupanga kilichoandikwa ni kazi mbali.

Mintarafu ya kuandika sina mengi ya kusema. Chombo chochote chenye kupokea herufi na kuzihifadhi chatosha. Ngũgĩ wa Thiong'o, alipokuwa kizuizini katika gereza la Kamiti mwaka 1978, aliandika riwaya yake ya Kigikuyu, Caitaani Mũtharabainĩ, juu ya karatasi za chooni, karatasi kavu na ngumu ambazo kwa kazi iliyokusudiwa hazikuwa na huruma lakini kwa kalamu zilikuwa na uvumilivu, na kitabu kikatoka mwaka 1980. Basi mtu asiniambie kwamba hawezi kuianza sura ya kwanza kwa kuwa hajapata programu inayomfaa. Asemaye hivyo anatafuta udhuru, na udhuru haujapata kuwa adimu.

Kupanga ni habari nyingine. Mtunzi wa utenzi ana vina na mizani vya kumshika mkono, na kisa anachokisimulia aghalabu wasikilizaji wake wamekwishakijua tangu utotoni. Mwandishi wa riwaya ana kurasa mia mbili au mia tatu alizozijaza kwa miezi mingi, pengine kwa miaka, na hana chochote cha kumkumbusha kwamba mjomba aliyemzika katika sura ya nne hawezi kuhudhuria harusi katika sura ya kumi na moja. Hebu taamalini Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya upelelezi ya Muhammed Said Abdulla iliyotoka mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, kiko mdomoni, huyafunua mambo kidogo kidogo, na msomaji huona kama kwamba yanajifunua yenyewe; lakini mwandishi wa kisa cha namna hiyo sharti aujue mwisho kabla ya mwanzo, aiweke kila dalili mahali ambapo msomaji ataiona asiitambue, na akilihamisha tukio moja kutoka sura hii kwenda ile, ayakague yote yanayofuata, asije akamfanya mtu ashangazwe leo na habari aliyokwishaipata jana. Au chukueni Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ambamo Yasmin anapelekwa Mombasa na kurudi Unguja, na harakati za siasa za akina Denge zinapita katikati ya mapenzi na majungu ya mtaani: riwaya ya nyuzi nyingi kiasi hicho humtaka mwandishi awe na daftari la pili kando ya lile analoandikia, na mara nyingi hilo la pili ndilo linalopotea.

Wenzetu wa ng'ambo walilihangaikia jambo hili kabla ya kompyuta kuingia majumbani. Vladimir Nabokov, Mrusi aliyeandika Kiingereza ambacho Waingereza wenyewe walikionea wivu, aliandika riwaya zake juu ya kadi ndogo ndogo, akizichanganya na kuzipanga upya apendavyo, na alipofariki mwaka 1977 aliacha riwaya isiyokamilika, The Original of Laura, ndani ya kadi 138. Ilipochapishwa mwaka 2009, kadi hizo zilitiwa kitabuni kwa namna ambayo msomaji aweza kuzichomoa na kuzipanga kwa rai yake mwenyewe, tendo ambalo mimi naliona ni la kumdhulumu marehemu, khususan kwa kuwa aliusia kazi hiyo iteketezwe, na kwa kuwa mtu aliyekuwa mwangalifu kama yeye hangeridhia mpangilio wake uachwe mikononi mwa kila apitaye dukani.

Mwingereza Len Deighton alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1968 alikuwa akiandika Bomber, riwaya ya shambulio moja la ndege za Kiingereza dhidi ya Ujerumani, iliyowekwa katika tarehe 31 Juni 1943, tarehe ambayo haimo katika kalenda ya mtu yeyote. Watu wa riwaya hiyo walikuwa wengi mno, wa pande zote mbili za vita, wote wakiishi ndani ya siku moja ileile, na kila alipobadilisha maneno katibu wake alilazimika kuzipiga chapa upya kurasa alizokwisha kuzipiga. Kampuni ya IBM ikamletea mashine yenye kuhifadhi maandishi katika utepe wa sumaku. Mashine hiyo ilikuwa na uzito wa ratili mia mbili, yaani karibu kilo 90, haikuwa na kioo cha kuonyeshea maandishi, na ili iingie nyumbani kwake London ilibidi dirisha ling'olewe na chombo kipandishwe kwa winchi mbele ya macho ya majirani. Kitabu kilitoka mwaka 1970, na wachunguzi wa historia ya mambo haya hukihesabu kuwa ndiyo riwaya ya kwanza iliyoandikwa kwa mashine ya kuchakata maneno. Ninachokipenda katika kisa hiki, mbali na dirisha, ni kwamba Deighton alikwishajua kinachomtatiza kabla hajaitafuta mashine: alichoshwa na kupiga chapa upya, na alitaka kurejea mahali mahususi katika maandishi marefu bila ya kuyapekua yote, mashine ikafanya hayo mawili, naye hakuidai zaidi.

Ndiyo maana kila anijiaye na swali la programu nami humrudishia swali: riwaya yako imekwama wapi? Na wengi wakijibu kwa unyoofu, hubainika kwamba chombo walichonacho chawatosha.

Microsoft Word, ambayo imo katika ofisi na vyuo vyetu takriban vyote, na LibreOffice, ambayo hupatikana bila ya malipo, zote mbili zina hazina ambayo watumiaji wake hawaigusi. Unapoandika jina la sura, usiridhike kulikoleza wino na kulikuza kwa mkono; lipe mtindo wa kichwa uliomo ndani ya programu yenyewe, na papo hapo unaweza kuifungua pembeni orodha ya sura zako zote, ambayo ukibonyeza jina lolote hukupeleka palepale, na ukilikokota jina hilo juu au chini, sura nzima pamoja na maneno yake yote huhama nalo. Fanya vivyo hivyo kwa kila tukio ndani ya sura, ukilipa kichwa kidogo utakachokifuta siku ya mwisho, na utakuwa na ramani ya riwaya yako isiyokugharimu hata senti. Nimewaona watu, wasomi wenye shahada, walioitumia Word tangu ujana wao wakipanga sura kwa kukata na kubandika, kurasa ishirini kwa mkupuo mmoja, hali mikono inatetemeka.

Hata hivyo sitadai kwamba hiyo yawatosha wote. Faili moja ndefu huionyesha riwaya kwa ukurasa mmoja mmoja, na wako waandishi, nao si wavivu, ambao hawaandiki kutoka mwanzo kwenda mwisho: leo wameota kifo cha baba, kesho wameandika siku alipooa, na keshokutwa wamepata mazungumzo ya watu wawili ambao hawajajulikana ni nani. Kwa watu wa tabia hiyo ndipo lilipokuja jina ambalo vijana hulitamka kwa heshima: Scrivener.

Aliyeiunda, Keith Blount wa Uingereza, hakuanza kama mfanyabiashara wa kompyuta. Alikuwa mtu aliyetaka kuandika riwaya, akazijaribu programu zilizokuwapo zisimridhishe, akajifunza mwenyewe kuunda programu, na mwaka 2007 akaitoa ya kwake kwa kompyuta za Mac kupitia kampuni ndogo iitwayo Literature and Latte. Ya Windows ikafuata mwaka 2011. Asili hiyo inaonekana katika kazi yenyewe, kwa sababu haianzi na ukurasa, huanza na kipande. Kila tukio huwa kipande chake peke yake, urefu wowote ule, na vipande vyote hujipanga katika orodha iliyo upande wa kushoto, ambapo waweza kuvihamisha, kuvikusanya katika sura na kuvitenganisha tena. Kila kipande kina kadi yake, yenye jina na muhtasari wa maneno machache, na kadi zote zaweza kutandazwa juu ya ubao kwenye kioo, jambo ambalo Nabokov alilifanya kwa mikono. Ukitaka kuvisoma vipande kadhaa kama kwamba ni maandishi mamoja, huvichagua tu na vikaungana mbele yako bila ya kuungana kweli. Ukitaka kulihariri tukio na unaogopa kuliharibu, hupiga kwanza picha ya maneno yake yalivyo, na toleo la zamani hubakia limehifadhiwa nyuma ya lile jipya. Barua za kale, picha, ramani, kumbukumbu za mahojiano, vyote hukaa humohumo kando ya riwaya. Kazi ikiisha, programu hukusanya vipande vyote na kuvitoa kuwa mswada mmoja wenye sura na kurasa kama anavyoutaka mhariri.

Faida yake kubwa haionekani katika maelezo hayo, nami nataka kuikalia kidogo. Chukua mfano wa riwaya ya ukoo mmoja wa Tanga, unaosimuliwa na watu watatu: babu aliyekata mkonge katika mashamba ya wakati wa ukoloni, binti yake aliyekuwa mwalimu baada ya uhuru, na mjukuu anayeendesha bodaboda leo. Umekipa kila kipande rangi ya msimulizi wake. Unapozitandaza kadi, kabla hujasoma hata neno moja, unaona kwamba rangi ya binti imetoweka tangu theluthi ya kwanza na imerejea karibu na mwisho, na unafahamu kwa nini wasomaji wako wa mwanzo walisema kwamba mwalimu yule hawakumwelewa: walikuwa wamekwisha kumsahau. Kosa la namna hiyo halionekani katika ukurasa, kwa sababu kila ukurasa peke yake ni mzuri. Huonekana katika umbo la kitabu kizima, na umbo la kitabu kizima ndilo ambalo mwandishi, aliyezama katika sentensi, analikosa. Kwa jambo hili moja nasema wazi kwamba programu za kupanga zina haki ya kuwapo.

Lakini zina fitina yake. Kupanga kuna utamu wa kazi bila ya machungu ya kazi, na mtu aweza kukaa usiku kucha akibadilisha rangi za kadi na kuamini kwamba ameandika. Baya zaidi ni zile programu, nazo ni nyingi, zinazomtaka mwandishi ajaze fomu ya kila mhusika: urefu wake, rangi ya macho yake, chakula akipendacho, hofu yake ya utotoni. Sidhani kwamba Shaaban Robert alijaza fomu ya namna hiyo kabla ya kumwandika Utubora, mhusika mkuu wa Utubora Mkulima. Mhusika hujulikana kwa anachotenda pale anapobanwa, na kubanwa huko hutokea katika maandishi. Fomu haimbani mtu.

Nizipitie upesi zile nyingine. Simon Haynes, mwandishi wa riwaya wa Australia ambaye pia ni mtunzi wa programu, aliunda yWriter, ambayo hutolewa bure na imekusudiwa hasa Windows, nayo hugawa riwaya kwa matukio na kuandika kwa kila tukio ni nani anayetazama na wapi tunapotazamia. Sura yake si ya kuvutia, lakini mwenye kompyuta ya zamani yenye nguvu haba ataishukuru. Manuskript na novelWriter nazo ni za bure, na ufundi wake wa ndani uko wazi kwa kila atakaye kuuona. Google Docs inafaa sana pale ambapo watu wawili wanaandika pamoja au mhariri yuko mji mwingine, ingawa riwaya ndefu huielemea, na ingawa asiye na bando la kudumu sharti akumbuke kuyaweka maandishi yake yapatikane hata pasipo mtandao, kabla hajapanda basi.

Na ni lazima niseme neno juu ya simu, maana sehemu kubwa ya hadithi za Kiswahili zinazosomwa leo huandikwa kwa kidole gumba na kutumwa kwa vipande katika makundi ya WhatsApp, msomaji akisubiri kipande cha kesho kama mababu zake walivyosubiri usiku wa pili wa hadithi. Siwadharau hata kidogo wanaoandika hivyo. Nidhamu ya kumrudisha msomaji kila siku ni shule kubwa. Ila waelewe kwamba Scrivener haina toleo la Android, na simu nyingi za kwetu ni za Android, kwa hiyo kwao shauri hilo limekwisha kabla ya kuanza. Wafanye jambo jepesi: kila kipande, kabla hakijatumwa, kiandikwe katika faili lenye namba na jina la tukio, kwani kundi la mazungumzo si mahali pa kuhifadhia riwaya, na mwenye kundi akilifuta, au simu ikabadilishwa, mpangilio wote utabaki katika kumbukumbu za wasomaji.

Sasa nije kwenye lugha yetu, ambayo watengenezaji wa programu hizi hawakuwa nayo akilini. Anayeandika Kiswahili katika programu iliyowekwa Kiingereza huona mistari myekundu chini ya takriban kila neno, na macho ya mwandishi, yapende yasipende, huanza kuona aibu mahali pasipo na kosa. Fauka ya hayo, simu hubadilisha majina ya watu na ya vitongoji kwa yale inayoyajua yenyewe. Dawa ya kwanza ni kuizima kabisa huduma hiyo wakati wa kuandika. Ya pili ni kujua kwamba kazi ya kuvifunza vyombo hivi Kiswahili ilikwisha kuanzwa zamani: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili tangu vitufe hata maelekezo, na leo LibreOffice, ambayo ni mrithi wa ukoo huohuo, ina kamusi ya Kiswahili ya kukagulia tahajia. Kamusi hiyo haitoshi kwa vitenzi vyetu vyenye viambishi vingi, lakini ni afadhali kuliko kukaguliwa na Mwingereza.

Liko na dogo jingine ambalo limewapotezea wahariri wengi saa zao. Ile alama iliyomo katika Ng'ambo na ng'ombe, simu nyingine huiandika imesimama wima, na Word huiandika imepinda. Kwa jicho la msomaji ni ileile, kwa baadhi ya programu ni alama mbili tafauti, na ukitafuta Ng'ambo zote ili ubadilishe jambo, utazipata zile za aina moja tu. Amueni mapema aina moja, na mwishoni mwa kazi mbadilishe zote kwa mara moja. Kadhalika msikubali kuhesabiwa maneno kwa mizani ya watu wengine. Ulikuwapo wito ulioanzia Marekani mwaka 1999 wa kuandika maneno 50,000 ndani ya mwezi mmoja, na programu nyingi zina kihesabio cha kumhimiza mwandishi afikie idadi yake ya kila siku. Lakini lugha yetu hufunga mtenda, wakati, mtendwa na tendo ndani ya neno moja, kwa hiyo maneno elfu ya Kiswahili ni kazi kubwa kuliko maneno elfu ya Kiingereza, na kijana anayejilaumu kwa kutofikia hesabu ya Mmarekani pengine amekwisha kumpita.

Nimelichelewesha kusudi neno ambalo kwangu ndilo la kuamulia, na ambalo hakuna aniulizaye: maandishi yako yatatokaje? Programu hizi zanikumbusha sanduku la Kizanzibari lenye njumu za shaba na saraka za siri, ambalo mwenyewe hujivuna kuwaonyesha wageni jinsi saraka zinavyofunguka, lakini akifa bila ya kuwafunza wanawe, hati za shamba zimo humo na hapana ajuaye kuzitoa. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, na Kufikirika na Utubora Mkulima vilichapishwa miaka kadhaa baada ya kifo chake; viliwezekana kuchapishwa kwa sababu mswada wa karatasi haudai kitu kwa anayeufungua isipokuwa macho na kujua kusoma. Mswada uliofungwa katika faili ambalo programu moja tu ndiyo iwezayo kulifungua, na programu hiyo hulipiwa kila mwezi, na kampuni yake yaweza kufilisika au kubadilisha masharti, hauna uhakika huo.

Watu hupenda kunitajia mwandishi George R. R. Martin, ambaye mwaka 2014 alieleza hadharani kwamba huandika kwa WordStar 4.0, programu ya miaka ya 1980, katika kompyuta ya zamani ya DOS isiyounganishwa na intaneti. Wanaona ni ukaidi wa kupendeza, nami pia naupenda. Lakini wakumbuke kwamba mtu wa hadhi yake hakosi wachapishaji na mafundi wa kuyageuza maandishi yake yawe faili la leo, ilhali wewe na mimi tutabaki tukizunguka mjini na diski isiyo na mahali pa kuchomekwa. Mwandishi Arthur C. Clarke naye aliitumia WordStar kuandika 2010: Odyssey Two, iliyotoka mwaka 1982, akiwa Sri Lanka, ng'ambo ya pili ya bahari yetu hii, na akaituma riwaya nzima kutoka Colombo hadi New York ndani ya diski moja. Siku hizo ilikuwa ajabu. Jaribu leo kuitafuta kompyuta ya kuisomea diski ile.

Kwa kipimo hiki, Scrivener nimeikubali kwa sababu ambayo matangazo yake hayaitilii mkazo: chini ya orodha na kadi zake, kila kipande cha maandishi kimewekwa katika faili la RTF, namna ya faili ambayo Word, LibreOffice na nyingine nyingi huifungua bila ya kumwomba mtu ruhusa, na kwa hiyo hata kampuni ikitoweka, riwaya yaweza kuokolewa kipande kwa kipande. novelWriter huhifadhi maandishi matupu, ambayo hata chombo duni kabisa chayasoma. Programu yoyote nyingine, iwe nzuri namna gani, iulizwe kwanza hivi: naweza kuyatoa maandishi yote, leo, kwa pamoja, katika faili la Word? Ikijibu kwa kuzungukazunguka, iache.

Na nakala zisiwe moja. Maandishi ya Ngũgĩ niliyoyataja yalichukuliwa na askari wa gereza katika msako, yakakaa mikononi mwao majuma kadhaa, kisha afisa akamrudishia. Fadhila kama hiyo, simu iliyoibwa kwenye daladala haiitendi. Jitumie mswada kwa barua pepe kila jioni uliyoandika, weka nakala katika flashi ambayo haikai ndani ya mkoba mmoja na kompyuta, na kama unatumia Scrivener katika kompyuta mbili kupitia hifadhi ya mtandaoni, usiufungue mradi mmoja kwa wakati mmoja katika zote mbili, wala usiizime ya kwanza kabla haijamaliza kupeleka, kwani umeme ukikatika katikati vipande huchanganyika, na watengenezaji wenyewe wamelitolea hadhari jambo hili.

Anayetaka kujaribu asianze na riwaya mpya. Achukue sura moja aliyokwisha kuiandika, tena ile inayomsumbua, aitie katika programu, aikate kwa matukio, ayape majina, ayahamishe, kisha aitoe kuwa faili la Word na kulifungua katika kompyuta ya mtu mwingine, hata ya duka la kupigia chapa la mtaani. Aangalie kama aya zimefika salama, kama mazungumzo yamebaki na alama zake, kama Ng'ambo bado ni Ng'ambo. Scrivener hutoa siku 30 za majaribio, na siku ambayo hukuifungua haihesabiwi, kwa hiyo mwandishi wa mwisho wa juma ana miezi ya kuipima kabla ya kutoa fedha. Na fedha zenyewe ni karibu dola 60 za Kimarekani, hulipwa mara moja. Kwa anayeona ni nyingi, na kwa wengi wetu ni nyingi, LibreOffice na vichwa vyake vya sura haidai kitu.

Juma lijalo, inshallah, nitazungumza juu ya mikataba ya uchapishaji, na nawaomba wale ambao tayari wamepelekewa mkataba wasitie saini kabla ya hapo.